Boti Isiyo na Mzigo

"Haya, mnakwenda kufanya nini?" nahodha aliuliza kwa mara ya tatu.

Mara ya kwanza nilimjibu kwamba tunakwenda kutembea. Akauliza tunamtembelea nani. Nikamwambia hatumtembelei mtu, tunataka tu kuambaa na mwambao kuelekea kaskazini, tufike mbele ya Gombe, tugeuze, turudi kabla jua halijazama. Akauliza kama kuna mgonjwa. Akauliza kama kuna msiba. Aliposikia hakuna mgonjwa, msiba wala mahari ya kupeleka, aliwatazama niliokuja nao: mke wangu, shemeji yangu mrina asali wa Kibondo, na mama yangu mzazi aliyekuwa ameketi juu ya gunia. Kisha akasema polepole, kwa upole wa mtu anayemwonea mwenzake huruma: "Mwalimu, wanaokodi boti hivyo ni wazungu."

Sikuwa na jibu la maana. Nimefundisha jiografia sekondari, Kasulu, miaka 19. Kila mwaka nachora ubaoni Bonde la Ufa, nalipaka Ziwa Tanganyika chaki ya buluu, nasema: urefu kilomita 673, kina mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, limegawanywa kati ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Watoto wananakili, mtihani unakuja, alama wanapata. Lakini mimi mwenyewe, Muha niliyezaliwa Kibondo, ziwa hilo nilikuwa nalitazama nikiwa nchi kavu tu, kila niliposhuka Kigoma kwa semina au kwa karatasi za ofisini. Maji yake nimeyanawa. Nimemla samaki wake tangu sijaota meno. Kulipanda sijalipanda.

Kilichonichokoza ni simu. Binti wa kaka yangu anasoma Italia, na mwezi wa nane alitutumia video yuko na wenzake wanne kwenye boti waliyoikodi kutwa nzima kuzunguka mwambao wa kusini mwa Naples. Miamba, maji ya kijani, ndimu zimekatwa sahanini, muziki. Mke wangu aliitazama mara mbili, akanirudishia simu. "Kumbe watu hulipia kukaa tu majini," alisema. Baada ya kitambo: "Na sisi si tunayo maji?" Ualimu ukanipanda. Nikamweleza kwamba Mediterania nzima, ukichukua wastani, kina chake ni kama mita 1,500, kwa hiyo shimo la ziwa letu linakaribia kabisa wastani wa bahari ile. Akasema hakuuliza kina.

Likizo ya Desemba ilipoanza, tukafunga safari.

Mama na shemeji waliteremka kutoka Kibondo siku moja kabla, tukalala wote Kasulu. Safari hiyo zamani ilikuwa adhabu. Kiangazi unashuka garini nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, masika unalala njiani na tope. Sasa kuna barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260.6 za mradi, na mama alifika na kanga yake imenyooka kama alivyoitoa sandukuni. Kitu kimoja kilikuwa kimemsumbua shemeji njiani. Walipovuka Malagarasi, aliona maji yanakwenda upande usio wa ziwa. "Kama mto huu unaingia Tanganyika," aliniuliza usiku ule, "mbona unakimbia?"

Ndilo swali ninalotamani wanafunzi wangu waniulize, na hawajawahi. Malagarasi huanzia milimani karibu na mpaka wa Burundi, mahali ambapo ziwa haliko mbali. Ungedhani utateremka moja kwa moja. Haufanyi hivyo. Unapanda kaskazini-mashariki, unakata kona, unashuka kwenye mabwawa ya Moyowosi, unageukia magharibi hadi Uvinza kwenye chumvi, ndipo unamwaga maji yake ziwani kusini mwa Ujiji. Zaidi ya kilomita 400 kufika mahali palipokuwa jirani tangu mwanzo. Wajuzi wa miamba husema mto ni mkongwe kuliko ziwa: kabla ardhi haijapasuka ulikuwa ukienda zake hadi Kongo, na wamo samaki ndani yake ambao udugu wao ni na samaki wa mto Kongo zaidi kuliko wa Tanganyika. Shemeji alisikiliza, akasema mto ule una akili za Kiha: haufiki kwa mtu bila kuzunguka kwanza kusalimia ukoo wote.

Na kweli sisi wa juu hatujawahi kwenda ziwani hivi hivi. Kasulu iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 800. Huko kushuka ni kazi na kupanda ni kazi zaidi, na mtu hapotezi magoti yake bila sababu. Watu walishuka kwa dagaa na mawese, wakipeleka maharage na ndizi. Walishuka kwa manamba. Wakoloni wa Kiingereza waliufanya upande wetu kuwa ghala la vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, na vijana wa Kibondo na Kasulu wakawa wanakusanywa na kutelemshwa Kigoma kupandishwa treni. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Kigoma inaitwa mwisho wa reli. Kwake yeye ilikuwa mwanzo wa reli. Aliliona ziwa siku moja tu, akisubiri behewa, na kwa maisha yake yote yaliyobaki alilieleza kwa namna ileile: shamba lisilo na mpaka na lisilolimika.

Kwa hiyo msishangae kuhusu gunia.

Mama alikuwa amekataa katakata kwenda mahali bila sababu. "Wakati wa palizi, nyinyi mnakwenda kutembea majini?" Mke wangu alipombembeleza, alikubali kwa sharti lake: alikuja na madebe mawili ya maharage, akasema nauli haiwezi kupotea bure. Nilimwambia tunakodi boti nzima kusudi tusibebe mzigo. Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyeandika kwamba mlima Kilimanjaro uko Kenya.

Pale Katonga, Kigoma, nahodha alipoligusa gunia kwa mguu na kuuliza ni nini, mama akamjibu: "Maharage ya Kibondo, mwanangu. Nataka kuyauza mbele huko." Uso wa yule kijana ulifunguka kama dirisha. "Aa! Si mngesema mna mzigo?" Akaita msaidizi wake, wakalipandisha gunia, na mimi na nadharia yangu tukapanda nyuma yake.

Boti lilikuwa la mbao, refu, injini ya farasi 40 imefungwa tezini, na ubavuni limeandikwa kwa rangi nyekundu LEKADUTIGITE. Kwa asiyejua Kiha: tuacheni tujidai. Tulivaa jaketi okozi. Shemeji alilifunga la kwake hadi shingoni, na nasema kweli, hakulivua hadi tulipofika stendi ya mabasi siku ya pili.

Bei tuliyopewa ilikuwa nafuu kwa sababu ya mwezi. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku, na huvuliwa kwa taa. Wavuvi huwasha mwanga juu ya maji, dagaa wakaufuata, kisha wavu unanyanyuliwa kutoka chini yao. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa ni taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linakuwa na taa moja kubwa, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wanapumzika. Wao hawahesabu tarehe. Wanahesabu giza na mbalamwezi. Sisi tulifika mbalamwezi kamili: mitumbwi imevutwa mchangani, nyavu zimetandazwa zinashonwa, vijana wanacheza drafti kwa visoda. Nahodha angelala tu siku ile.

Tukakata ghuba. Upande wa kulia ulikuwa mji, na jengo la stesheni walilojenga Wajerumani likiwa limesimama juu ya ufukwe kwa majivuno ya mtu aliyefika mwisho wa safari na kugundua kuna maji. Reli ilifika hapa 1914. Chini yake, bandarini, ndiyo ile meli.

Nahodha alitaka kupita haraka, kwa macho yake Liemba ni chuma kama chuma kingine. Nikamwomba apunguze moto. Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikaundwa yote, halafu ikafunguliwa vipande, vikatiwa kwenye makasha 5,000, vikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, vikaunganishwa upya. Ilishushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikiwa na mizinga. Mwaka uliofuata, Wajerumani walipoona wanazidiwa, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Lakini mafundi walioizamisha ndio haohao walioiunda, na kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nene. Hapo ndipo huwa nasimama darasani. Mtu anaangamiza kazi ya mikono yake, na papo hapo anaitunza. Waingereza waliinua mwili wake 1924, wakasugua grisi, na 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Ilibeba watu na mananasi na dagaa na magodoro kwa vizazi vitatu, hadi uzee ukaisimamisha miaka ya karibuni, na matengenezo yake yamekuwa hadithi ya kila bajeti.

"Hii ndiyo iliyowaleta Warundi?" mama aliuliza ghafla.

Ndiyo hiyo. Mei 2015, Burundi ilipochafuka, makumi ya maelfu ya watu walivuka wakajazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji huko mpakani, mahali pasipo na barabara. Kipindupindu kikaingia. Hapakuwa na njia ya kuwatoa isipokuwa ziwani, na Liemba ikawa inawabeba mamia kwa mamia hadi Kigoma, kisha mabasi yakawapandisha hadi Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi ilipofurika, Oktoba mwaka huohuo wengine wakahamishiwa Nduta, Kibondo, ambako mama alikuwa akiwauzia ndizi. Kiha na Kirundi ni ndugu, walielewana bila mkalimani.

"Walikuwa wananiambia wamepita majini siku nzima," alisema. "Nilidhani wanasema mto."

Hakusema zaidi, na sote tuliiangalia meli mpaka ikafichwa na gati.

Kibirizi tuliipita upesi. Ni gulio juu ya maji: maboti ya abiria ya Mwamgongo na Kagunga, madumu ya mawese, kreti za soda, mbuzi aliyefungwa miguu, mama ananyonyesha juu ya magunia. Maji yaliyopanda miaka ya karibuni yameacha miti imesimama ndani ya ziwa, na kuta za nyumba ambazo sasa zinaegeshewa mitumbwi. Watu wawili walitupigia kelele kuuliza tunakwenda wapi. Msaidizi akawajibu: "Tunapeleka maharage!" Nikaachana na kupinga.

Baada ya hapo ni miamba, na ukimya. Kalalangabo ikapita, nyumba chache, mnazi mmoja mmoja, watoto wanaogelea uchi. Nikamwomba nahodha azime injini.

Sijui mnielewe vipi. Nimesema "maji maangavu" ubaoni mara nyingi. Lakini kuinama ubavuni mwa boti na kuona jiwe lililo chini sana, na samaki wadogo wa manjano, wa buluu, wa mistari, wanakula juu ya jiwe hilo kama kuku uani, huko ni kusoma upya. Samaki wa miambani wa ziwa hili ni jamaa za perege. Aina zao ni zaidi ya 200, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wengine husafirishwa kwa ndege, hai, hadi kwenye vioo vya watu wa Ulaya. Mtu wa Ujerumani huenda ana samaki wa Kalalangabo sebuleni, na mimi wa Kasulu ndiyo kwanza namwona.

Halafu tukasogea kama mwendo wa kutupa jiwe, na chini pakawa buluu, kisha nyeusi. Ukingo wa ziwa hapa haushuki kwa hatua. Ule mlima unaouona juu unaendelea vilevile chini ya maji. Nikakumbuka jambo ambalo silifundishi kwa sababu halimo kwenye mtaala: kwamba ukivuka mita 200 hivi kwenda chini, maji haya hayana hewa. Hayachanganyiki na ya juu. Hakuna samaki, hakuna kitu isipokuwa vijidudu. Dagaa na migebuka na kuhe na wavuvi na Liemba na sisi, sote tunaishi kwenye utandu mwembamba ulioelea juu ya giza la kale. Nilikuwa karibu kuwaeleza, nikamwangalia shemeji ameshikilia ubao kwa mikono miwili, nikanyamaza.

Nilichowaeleza ni Stanley na Livingstone, maana ni wepesi. Watu wanajua walikutana Ujiji mwaka 1871, chini ya mwembe, na wageni hupelekwa kuona mnara. Wanashangaa mnara uko mbali na maji, wakati masimulizi yanasema mji ulikuwa ufukweni. Sababu ni kwamba siku hizo mto Lukuga, mlango pekee wa maji kutoka ziwani kwenda Kongo, ulikuwa umezibwa na tope na magugu, ziwa likajaa. Kizuizi kikabomoka mwishoni mwa miaka ya 1870, ziwa likashuka kwa mita nyingi, likamwacha Livingstone nchi kavu. Lakini baada ya kukutana, wazungu hao wawili walifanya nini? Walichukua mtumbwi na wapiga makasia, wakaambaa na mwambao huuhuu kwenda kaskazini, karibu mwezi mzima, hadi mdomo wa Rusizi, kuhakikisha kama mto ule unatoka ziwani au unaingia. Unaingia. Burton na Speke walikuwa wamejaribu jambo hilohilo 1858, wakakodi mitumbwi Ujiji kwa bei iliyowauma, wakaambiwa jibu lilelile njiani.

"Kwa hiyo hata hao walikuwa na shughuli," mke wangu alisema.

Nilijaribu kutafuta mtu mmoja aliyepita hapa bila shughuli. Misafara ya watumwa, hapana. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma Aprili 1965 kwenda kupigana Kongo, akarudi Novemba ameshindwa. Mwaka 1975 waasi kutoka ng'ambo walikuja usiku wakateka wanafunzi wanne wa utafiti Gombe. Hakuna. Nahodha alikuwa anatusikiliza, akavuta kamba ya injini. "Si nilikwambia, mwalimu?"

Gombe huhitaji kuonyeshwa. Baada ya kijiji cha Mtanga milima imekwanguliwa: majani makavu, mihogo iliyoning'inia kwenye mteremko, makovu mekundu ya mmomonyoko. Halafu, kana kwamba mtu amepiga rula, msitu unaanza. Kijani kizito kutoka mchangani hadi kileleni, mabonde yenye kivuli. Mbele kidogo, rula nyingine, na Mwamgongo, na milima mitupu tena. Jane Goodall aliona hali hiyo akiwa ndegeni mwanzoni mwa miaka ya 1990, akatambua kuwa sokwe wake wako kisiwani. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa kufanya kazi na vijiji, miche, maji, kahawa ya Kalinzi. Ukiwa chini majini huhitaji ndege. Unauona mpaka kwa jicho.

Niliwasimulia habari za Jane: binti wa miaka 26, hana digrii, ametumwa na mtafiti Louis Leakey, anashuka hapa Julai 1960. Serikali ya kikoloni ilikataa msichana akae porini peke yake, kwa hiyo akaja na mama yake. Mama yangu akaniwekea mkono. "Alikuja na mama yake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi alilelewa vizuri."

Kwamba huyo msichana alimwona sokwe anatumia kijiti kuvua mchwa, na kwamba wataalamu walilazimika kufikiria upya maana ya binadamu, hayo hayakumgusa. Kilichomgusa ni mama aliyefungasha vyombo vyake akamfuata mtoto msituni. Nilipomwambia kwamba Jane alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, bado yuko kwenye ziara za mihadhara, alinyamaza kidogo, akauliza kama mama yake alizikwa huku. Nikamwambia hapana.

Hatukushuka, kushuka ni kwa kiingilio cha hifadhi, na nahodha alikaa mbali na ufuko kwa adabu. Sokwe hatukuwaona. Tuliona nyani, kundi zima, wanatembea mchangani kama watu wanaokwenda sokoni, mmoja ameketi kwenye jiwe anatutazama. Kutoka juu bondeni ikasikika sauti iliyopanda ikapanda ikakatika. Msaidizi akasema ndio wenyewe. Shemeji akasema ni mtu anaita. Wakabishana hadi sauti ikasahaulika.

Tulipogeuza, upande wa Kongo palikuwa peusi. Asubuhi milima ya ng'ambo ilionekana kama moshi, sasa haikuwepo. Nahodha hakusema neno, alifungua injini yote, na boti likaanza kupiga tumbo juu ya maji. Nilijua mvua ya milimani, unaisikia kwenye migomba kabla haijafika. Mvua ya ziwani unaiona ikija kwa miguu, pazia jeupe, na kabla yake upepo. Mawimbi yalikuwa mafupi na ya hasira. Msaidizi akaanza kufua maji kwa kopo la rangi. Mke wangu akatapikia upande wa upepo, likawa kosa ambalo hatutalisahau. Mama aliketi juu ya gunia lake katikati ya boti, kanga kichwani, na nahodha akanipigia kelele: "Mwache pale pale! Uzito ule unatusaidia!"

Tukaingia Mtanga mvua ikiwa mgongoni.

Walitupokea kwenye banda la kukaushia samaki. Wakati ngurumo zinapita juu ya Gombe, tulikula ugali wa muhogo na mgebuka uliopikwa kwa mawese, mikono inatetemeka bado. Nje, vichanja vya kuanikia dagaa vilikuwa vitupu, mvua inapita kwenye nyavu zake. Na mama, kabla hata hajamaliza kunawa, alishafungua mdomo wa gunia.

Wanawake watatu walikuja, kisha sita. Walichota maharage, wakayatafuna mabichi, wakauliza ni ya lini. Mama akawajibu ni ya mavuno ya mwezi wa sita, hayana mdudu. Alitaka abadilishe kwa dagaa, kopo kwa kopo, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Wakacheka. "Umekuja wakati mbaya, bibi. Mbalamwezi hii, dagaa hakuna." Waliopo ni wa giza lililopita, wachache, na bei yao imepanda. Wakaanza. Mwenye nyumba alitaka makopo matatu ya maharage kwa moja la dagaa. Mama aliinuka, akaanza kufunga gunia, akatazama mvua kwa utulivu kama anaweza kutembea nayo hadi Kibondo. Wakamketisha. Ilichukua saa nzima, Kiswahili kikaisha, wakahamia Kiha na wale wachache wanaokijua, na nahodha naye akaingia katikati kama dalali. Mwisho aliuza debe moja na nusu kwa pesa taslimu, akapata makopo manne ya dagaa na migebuka sita mikavu. Maharage yaliyobaki aliyagawa, kila mwanamke mkono mmoja, bila kutajiwa bei.

Nimekaa kwenye semina nyingi za ujasiriamali. Sijaona somo kama lile, na nilikuwa nimelikataza lisipande botini.

Tulitoka jioni ziwa limelala kabisa, kama halikuwa limefanya lolote. Jua lilikuwa linashuka Kongo. Kutoka majini unaiona milima yetu kwa kutokea miguuni, ukuta mrefu wa zambarau, na nilijaribu kukisia ni wapi nyuma ya mgongo ule Kasulu ilipo, na nyuma yake zaidi, Kibondo. Nimeishi juu ya ukuta huo maisha yangu yote bila kujua kwamba ni ukuta. Kwenye usiku wa giza, alisema nahodha, hapa ungedhani kuna mji mwingine, taa hadi ng'ambo. Usiku ule hapakuwa na hata moja. Tulipokuwa tunazunguka kuingia ghubani, mwezi ukatokea juu ya mlima, upande wa nyumbani, mkubwa na mwekundu, na mke wangu akaegemea ubavu wa boti akauweka mkono wake ndani ya maji. Akauacha humo mpaka Katonga.

Msaidizi aliruka mchangani na kamba. Mama akashushwa kwa kubebwa, akiwa amekumbatia dagaa wake. Nilikuwa nahesabu pesa za mwisho nikamsikia nyuma yangu.

"Mwidiwe," alimwambia nahodha kwa Kiha, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Mwanangu, giza litaingia lini?"

Kijana alitazama juu, akahesabu kwa vidole. "Wiki moja hivi, bibi. Siku nane."

Mama akanigeukia. "Mwalimu, shule inafunguliwa lini?"

"Januari, mama."

"Basi nafasi ipo," alisema, akaanza kukung'uta mchanga kwenye gunia tupu, akalikunja mara nne, akalitia kwapani.